Sikujua Kijapani Hata Neno Moja

Husna mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya nauli, ya chakula, ya ufunguo na ya watu wa kujihadhari nao, na najua ameyarudia mara mbili mbili, kwa hiyo mimi sitayagusa. Begi lako liko pale mlangoni. Nimelipita mara tatu jioni hii. Mara ya tatu nikachukua daftari lako la kidato cha tatu, lile lenye kurasa nyeupe mwishoni, nikakaa nalo mezani.

Naandika kwa sababu naogopa. Siiogopi Dar es Salaam. Umekua, una akili, na treni ya kesho itakufikisha kabla hata mama yako hajamaliza kulia. Ninachoogopa ni kazi unayokwenda kuifanya, na zaidi naogopa kwamba utaifanya vizuri.

Wiki iliyopita ulikaa barazani na simu yako ukanieleza kwamba ile studio imekupa katuni ya Kijapani ya kutisha muitie sauti za Kiswahili. Ukasema si hadithi moja, ni mkusanyiko wa hadithi fupi, kila moja na watu wake, na zote zilichorwa kwanza kwenye vitabu vya picha wanavyoviita manga. Mimi neno manga nilikuwa nikilijua kama nchi ya Waarabu, wewe ukanicheka. Kisha ukasema umepewa sauti ya kizee wa hadithi ya tatu. Ukaniuliza, "Baba, wewe ulikuwa fundi wa mambo haya. Sauti ya kutisha huwa unaitoa wapi?"

Nikakuambia koo linaniuma, nikaenda nyuma ya nyumba. Nilisimama kule karibu na karo mpaka ulipoingia ndani. Ulidhani nimechukia. Sikuchukia. Ni kwamba swali hilo naliogopa tangu ukiwa na miaka minane, na sikutegemea kwamba atakayeliuliza ni wewe, tena ukicheka.

Unakumbuka banda letu la video kule Kondoa, maana wewe ndiye uliyekuwa ukifagia mikeka ya mbele. Huenda hukumbuki jinsi watu walivyoniheshimu. Filamu zilikuwa zinakuja kwa lugha zao, Kichina, Kihindi, Kikorea, na mimi nilikaa pembeni na kipaza sauti nikizitafsiri. Watu walitoka Bereko na Kolo siku za gulio, wakapita kwetu kabla ya kurudi. Walisema Idi anajua lugha saba. Mzee mmoja wa msikitini aliwahi kunisimamisha njiani akaniuliza nilisomea wapi Kichina. Nilimjibu kwamba lugha ni kipaji tu.

Husna, mimi nilijua Kirangi na Kiswahili. Kiingereza kidogo, cha kusomea makaratasi. Nilikuwa naangalia midomo ya watu kwenye kioo, naangalia nani amekasirika na nani analia, halafu natunga. Nilitunga vizuri. Watu walicheka pale nilipotaka wacheke. Mwanzoni nilijiambia kila mtu anajua kwamba natunga, kwamba ni mchezo wetu sote. Baadaye nikagundua kwamba hawajui, na sikuwaambia.

Ile diski ililetwa na dereva wa lori pamoja na nyingine nyingi kwenye mfuko wa saruji. Juu ya kasha kulikuwa na msichana wa kuchorwa mwenye macho makubwa, amebeba mwavuli. Nikasema hii katuni, hii ni ya watoto. Sikuiangalia kwanza. Jumamosi mchana nikawajaza watoto kwenye mikeka, wewe ukiwa mstari wa mbele kabisa, na watu wazima wachache kwenye benchi, nikawasha jenereta.

Ilianza kwa kurasa za kitabu zinazofunguka zenyewe, michoro ya wino mweusi, kisha michoro ikapata rangi ikaanza kutembea. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya familia inayokula chakula cha jioni, na kila jioni kunakuwa na bakuli moja zaidi mezani, na hakuna anayejua limepakuliwa kwa ajili ya nani. Hakikutokea kitu kingine. Bakuli tu, na mvuke ukitoka. Nilihisi watoto wanasogeleana. Ya pili ilikuwa ya mwalimu anayeandika majina ubaoni, na majina hayafutiki. Nilitamani kuizima, lakini watu walikuwa wamenyamaza, ukimya ambao mwenye banda huuota usingizini. Nikaendelea.

Ya tatu ndiyo ile ya uzi; kama ndiye kizee uliyepewa wewe, sijui. Kizee anakaa kando ya njia ya shule na uzi mkononi. Mtoto akipita, kizee anaunyoosha uzi chini na kupima kivuli chake, anafunga fundo, anautia mfukoni. Kuanzia siku hiyo mtoto yule anapungua. Kila siku anakuwa mdogo kidogo. Mama yake anamkazia sketi, anamkazia tena. Mwisho kunabaki viatu viwili mlangoni na mama anayetafuta chini ya meza.

Kizee yule alikuwa anasema maneno machache sana, kwa sauti ya chini, na mimi sikujua hata moja. Ilibidi nimpe sauti. Nilikuwa na sekunde mbili za kufikiri. Nikampa sauti ya Bibi Magdalena.

Bibi Magdalena unamkumbuka, najua, ingawa hujalitaja jina lake siku nyingi. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, mjane wa Mrangi mwenzetu, yeye mwenyewe Msandawe wa upande wa Kwamtoro. Alikuwa akisuka mikeka ya ukindu, na kabla ya kusuka alimpima mtu kwa uzi ili mkeka umtoshe akilala, akafunga fundo mahali pa urefu wake. Ndiyo maana alinijia kichwani nilipoona ule uzi kwenye kioo. Na Kiswahili chake, kama ujuavyo, kilikuwa na Kisandawe ndani yake. Akitafuta neno likamkosa, alilisema kwa lugha yao, ile ya kugonga ulimi kwenye kaakaa. Baadhi yetu tulikuwa tukiicheka lugha hiyo. Hatukumcheka usoni pake, lakini tulicheka.

Basi nikasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti yake hasa, na lafudhi yake, "Njoo nikupime, mjukuu wangu, nikujue urefu." Kisha nikagonga ulimi mara tatu, nne, bila maana yoyote.

Watu wazima kwenye benchi waliangua kicheko, maana walimtambua papo hapo. Watoto hawakucheka. Wewe uligeuka ukanitazama, uso wako umepauka, na mimi nikakukonyeza jicho nikidhani nakutuliza.

Picha ile niliirudia siku tatu zaidi kwa sababu watu waliitaka. Ikawa kila nikirudia, ile sauti inakuwa bora. Nikaiongezea kikohozi chake. Nikaiongezea ile desturi yake ya kusema "haya mama" kabla ya kila kitu. Mtaani watoto wakaanza mchezo wa kurukana vivuli, na Bibi Magdalena akipita wanamgongea ulimi kisha wanakimbia.

Alikuja bandani asubuhi moja wakati nafunga nyaya. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akaniambia watoto wanamgongea ulimi njiani na hata wale aliowabeba mgongoni wanamkimbia, na akauliza wamefundishwa na nani. Nilimwambia watoto ni watoto, watachoka. Akanitazama kidogo, akashukuru, akaenda zake. Hapo ningeweza kuimaliza. Diski ilikuwa mkononi mwangu.

Haukupita muda akaugua Swalehe, mtoto wa Hamisi muuza nyama, mliyekuwa naye darasa moja. Alikonda. Alikunywa maji ndoo kwa ndoo na bado akakonda, suruali ikamvuka, mama yake akamfunga kamba kiunoni. Uso ukawa mdogo. Na mama yake akakumbuka kwamba mwezi uliopita waliagiza mkeka, na Bibi Magdalena alikuja akampima mtoto kwa uzi.

Sikuamini kwamba uzi unaweza kumkondesha mtu, mwanangu. Lakini nikuambie la kweli: usiku huo nilikuhesabu vidole ulipokuwa umelala. Niliitunga ile sauti mwenyewe, na nikaiogopa.

Sasa nafika kwenye Alhamisi ile.

Ulitoka shule ukapita kwa Bibi. Alikuita kwa sababu mkeka wako wa zamani ulikuwa umekuwa mfupi, miguu inatokeza. Mama yako ndiye aliyemwomba akusukie mwingine. Hilo hukulijua. Ulikuwa umezoea kukaa kwake, kula mlenda wake, kujifunza kusuka kona. Akatoa uzi, akainama akaunyoosha chini ya miguu yako juani, kivuli chako kikiwa hapo. Ukapiga kelele. Ulitoka mbio hadi barabarani ukisema amenipima, amenipima, na watu wakatoka madukani.

Ilikuwa saa tisa, jua kali. Watu hudhani mambo kama haya hufanyika gizani. Nilitoka bandani nikakuona umesimama katikati ya duara la watu unatetemeka, nikakubeba. Ulikuwa mzito, miaka minane, hukuwa umebebwa siku nyingi. Hamisi alikuwa pale na kisu chake cha buchani kiunoni, macho mekundu kwa kukesha na mtoto. Hakuwa mtu mbaya. Alinijia, akaniuliza taratibu, kama mtu anayemuuliza daktari.

"Idi, wewe unaijua lugha ya wale watu. Kwenye ile picha, mtoto aliyepimwa alipona?"

Nilijua la kusema. Lilikuwa mdomoni. Sikujua Kijapani hata neno moja. Sauti ile ni ya kwangu, nimeitunga, nimemwiga jirani yetu ili watu wacheke, hakuna mtu aliyesema maneno yale popote duniani ila mimi. Sentensi mbili tu. Watu wangenicheka, au wangenipiga mimi, au wangekasirika na kurudi nyumbani. Wote walikuwa wananitazama, Husna, na heshima ile ilikuwa bado machoni mwao.

Nikasema, "Hakupona."

Ndilo neno pekee la kweli nililowahi kulisema kuhusu ile picha. Kwenye picha hakupona. Nami nikalisema, wakageuka wote kwa pamoja kuelekea nyumba ya Bibi Magdalena.

Mimi nilifuata nyuma. Nilikuwa nimekubeba, na miaka yote hii nimejiambia kwamba sikuweza kufanya kitu kwa sababu nilikuwa nimembeba mtoto. Sivyo. Nilikushika ili niwe na sababu ya kutokwenda mbele. Wala sikukuziba macho. Ulikuwa unatazama juu ya bega langu, na uliona yote, na mimi nilikuwa nahisi moyo wako unavyopiga kwenye kifua changu nikajifanya nadhani ni wangu.

Waliitoa mikeka yake uani wakaichoma. Ukindu mkavu unashika moto haraka. Yeye alitolewa akasimama mlangoni na uzi bado umemzunguka mkononi, anauliza kwa Kiswahili kuna nini, na alipoogopa zaidi Kiswahili kikamkimbia akaanza kusema kwa lugha yake. Hapo watu walirudi nyuma hatua moja wote, na nikasikia mtu karibu yangu anasema, sikieni, ndiyo yenyewe. Alikuwa anaomba asiuawe. Na sisi tulichokisikia ni ile picha.

Mama yako alikuja akitokea sokoni. Hakuuliza mtu. Alipita katikati ya watu na kikapu chake kichwani, akakiweka chini, akamshika Bibi mkono akasimama naye. Jiwe lilikuwa limekwisha rushwa. Lilimpata Bibi karibu na sikio. Alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, na mama yako akakaa naye, gauni lake likaloa damu. Walipoona wangelazimika kumpiga na mama yako, watu walisita, na katika kusita huko mwenyekiti wa mtaa akafika na askari wawili. Wakamwondoa. Hatukumwona tena Kondoa.

Siku mbili baadaye mjomba wake Swalehe, aliyekuwa mbali kwa shughuli zake, alirudi akamchukua mtoto kwa nguvu akampeleka hospitali. Ilikuwa kisukari. Daktari aliwaambia wangechelewa siku moja zaidi wangemkosa. Swalehe yuko hai, nasikia ni kijana mrefu kuliko baba yake, anajidunga sindano mwenyewe kila siku. Aliporudi kutoka hospitali hakuna mtu aliyemtaja Bibi Magdalena. Hamisi alinipa kilo mbili za nyama kwa ajili ya dua. Nilizipokea.

Na wewe ukabadilika. Ukawa hutembei juani. Ulikuwa ukienda shule alfajiri kabla kivuli hakijatoka, na saa za kurudi ulipita ubavuni mwa kuta. Ulikojoa kitandani mpaka ukiwa na miaka kumi. Mtu akinyoosha kamba ya kuanikia nguo, ulitoka nje. Mama yako alikupeleka kwa shehe akakusomea, akakupeleka kwa daktari pia. Mimi nililipeleka banda kwa mnunuzi. Nilimwambia kila mtu simu za mkononi zimeua biashara ya video, tukahamia hapa Dodoma, nikajifunza kutengeneza simu na redio. Ni kazi ya kuinamisha kichwa. Mteja anaacha kitu, anarudi, anachukua. Siku nzima naweza nisiseme maneno ishirini. Ndiyo maana niliipenda.

Ulipokuwa na miaka kumi na mitano nilikusikia ukizungumza na mama yako jikoni. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa sebuleni na bisibisi mkononi. Ulimwambia, "Mama, mimi ndiye niliyemfukuza Bibi Magdalena. Ningenyamaza wasingekuja." Mama yako alikujibu kwamba ulikuwa mtoto. Alikusudia kukufariji, lakini nilikiona kilichomo ndani ya jibu hilo: kwamba kweli ulifanya wewe, ila ulikuwa mdogo. Nawe ukalichukua hivyo. Ulilia kidogo, ukaosha vyombo.

Nilikuwa umbali wa hatua nne. Sikuinuka. Nilikaza skrubu ya redio ya watu mpaka ikapoteza njia. Lile la Kondoa nililifanya kwa woga wa ghafla, watu wengi, kisu, jua. Hili la jikoni nililifanya nikiwa nyumbani kwangu, nimetulia, hakuna aliyenitishia. Naliona kubwa kuliko la kwanza.

Miaka mitatu iliyopita niliwaambia naenda mazikoni Kondoa. Sikwenda mazikoni. Nilipita Kondoa bila kushuka, nikaulizia njia, nikafika Kwamtoro, na siku ya pili nikampata. Anaishi na mtoto wa dada yake. Alikuwa amekaa nje anapepeta uwele. Nilimwambia shikamoo bibi. Hakuitikia. Nikadhani ni sikio, nikazunguka upande wa pili nikasema tena, na nikaona kwamba alisikia mara ya kwanza.

Nikamweleza yote nikiwa nimechuchumaa mbele yake kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Picha, uzi, sauti, lile swali la Hamisi na jibu langu. Ungo ulikuwa ukiendelea kupanda na kushuka. Nilipomaliza akaniambia niitoe ile sauti aisikie. Nilikataa. Akasema watu wote wa mtaa waliisikia ila yeye. Basi nikaitoa, Husna, pale juani, mbele yake, lafudhi yake na kikohozi chake. Nikagonga ulimi.

Ungo ukasimama. Akauliza, "Hapo umesema nini?"

Nikamwambia sikusema kitu. Ni sauti tu.

Akaokota punje zilizomwagika. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilipigwa kwa neno ambalo si neno." Akauliza habari zako. Nilipomwambia kwamba unaamini ni kelele zako zilizomwondoa, alinyanyua uso, na hapo ndipo nilipoona hasira kwa mara ya kwanza. Akasema yeye alikwisha zeeka na mambo yake, lakini mtoto nimemwachia mzigo wangu aukuze. Akaniambia nirudi nimwambie mtoto, nisimrudie yeye. Hakuniambia amenisamehe na sikuthubutu kuuliza. Nilipoaga, nilisema tena shikamoo, kwa mazoea. Aliendelea kupepeta.

Nikarudi, nikakukuta unafanya mtihani wa mwisho. Nikasema baada ya mtihani. Kisha nikasema baada ya matokeo. Kisha ukapata ile nafasi ya kusoma kozi ya utangazaji, ukawa na furaha, nikasema nisiharibu furaha. Mtu mwoga hakosi tarehe, mwanangu.

Kwa hiyo sasa unajua sauti ya kutisha nilikuwa nikiitoa wapi. Niliitoa kwa mtu. Nilikwenda nyumba ya pili nikachukua koo la mama mzima, nikamvalisha shetani.

Sikukatazi kazi. Watu wanapenda kutishwa na mimi najua kwa nini: ukikaa kwenye mkeka na wenzako, mnaogopa pamoja, jenereta inazimwa, mnatoka nje mnacheka. Kuna raha ndani yake na sidhani ni dhambi. Ile picha yenyewe haikuwa na kosa. Waliochora kizee yule walichora kizee wao, wa kwao, na huenda walikuwa na maana ambayo sitaijua kamwe. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye kioo nikamwonyesha nyumba ya kukaa mtaani kwetu.

Ukisimama mbele ya kipaza sauti kumpa kizee wako sauti, ichukue ndani yako. Una woga wa kutosha, niliuweka mwenyewe. Uchukue ule wa kivuli, wa asubuhi zile za kukimbilia shule gizani, ni mali yako na haumuumizi mtu. Na wakija kukuuliza yule anasemaje kwa lugha yake, nawe hujui, sema hujui. Nimeishi miaka hamsini na mbili na bado neno hilo linanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nalifanyia mazoezi dukani. Mteja akiuliza simu imekufa kwa nini, namwambia sijui bado, niache niangalie. Unaweza kucheka. Kwangu ni kazi.

Leo jioni, ulipokwenda kuwaaga rafiki zako, nilimwambia mama yako. Alikuwa anakunja nguo zako. Hakuacha kukunja. Akasema, "Mimi nilijua hujui Kijapani, Idi. Nimeishi nawe, ningekosaje kujua? Nilikuwa nangoja useme." Miaka kumi na minne amelala kando yangu akingoja. Nilikaa kwenye kona ya kitanda nikashindwa hata kumwangalia. Akaniwekea blauzi yako magotini, ile ya bluu, akasema nisaidie kukunja, halafu nenda kwa mwenye haki yake.

Bibi Magdalena bado yu hai, nimeuliza. Sikutumi kwake. Kama utataka kwenda, njia nimeiandika nyuma ya ukurasa huu, na ukienda, nenda bila mimi. Kelele zako siku ile zilikuwa za mtoto aliyeogopa kitu alichoogopeshwa na baba yake. Kama mtu atakuambia ulikuwa mdogo, mwambie hukuwa na kosa la kusamehewa kwa udogo. Kosa lina mwenyewe na anaitwa Idi.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya begi lako, chini kabisa, uikute Dar ukifungua nguo. Nilikwenda mpaka mlangoni nikafungua zipu. Ndipo nikajiona. Ungeisoma ukiwa peke yako, mbali, huna wa kumuuliza wala wa kumkasirikia, na mimi ningekuwa huku nyuma nimeinamisha kichwa juu ya redio ya mtu, nasubiri kama simu italia.

Kwa hiyo sikuiweka. Nitakupa mkononi asubuhi, kabla ya chai, muda utakuwepo kwani treni si ya mapema. Nitakaa kwenye kiti kilicho mbele yako na sitashika kitu chochote mkononi. Soma taratibu. Ukifika hapa, nyanyua macho, useme unalotaka kusema, hata kama ni kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

Baba yako,
Idi